Madirisha ya Kusi

Watu wa bara hucheka wakisikia Malindi kuna baridi. Wana haki yao. Aliyelala Limuru mwezi wa saba, ambako usiku vipimo hushuka karibu na digrii 10, hawezi kumwonea huruma mtu wa pwani anayejikunyata kwenye digrii 22. Kipupwe chetu kwenye karatasi ni kipupwe cha aibu: mchana 27 au 28, usiku 21 au 22. Ila mwili hausomi karatasi. Mwili umetoka kwenye kaskazi, umeshinda miezi ukijifuta jasho hata saa nane za usiku, halafu ghafla unakutana na kusi lililovuka bahari nzima likaokota na manyunyu njiani. Lazima utetemeke. Tazama vijana wa bodaboda pale mjini: jua linawaka, nao wamevaa makoti mazito ya mitumba yaliyoshonwa kwa ajili ya theluji ya watu wengine, zipu hadi kidevuni. Hakuna anayewacheka, kwa sababu kila mtu anajua barabara ya kwenda Mambrui alfajiri ikoje.

Mimi nilijifungua mwishoni mwa kaskazi. Likizo ya uzazi kwa Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 ni miezi 3, kwa hiyo hesabu ilijipanga yenyewe: mtoto kazaliwa kwenye joto, arobaini ikaisha kwenye masika, na siku ya kurudi kazini kusi likawa limeshika mji. Nyumbani kulikuwa na wanawake watatu wenye rai kuhusu kifua changu. Mamangu, mwenye nyumba. Halati yangu, aliyetoka Lamu kuja kunisaidia siku mbili tatu na mpaka leo hajataja tarehe ya kuondoka. Na mavyaa wangu wa Ganda, aliyekuja na kuku wawili wa kienyeji na kukaa kimya akitazama.

Msimamo wa mamangu ulikuwa mmoja: baridi ni adui wa maziwa. Ikimpiga mama kifuani, maziwa yanapoa, mtoto anayanyonya hivyo hivyo, tumbo linamsokota, anakesha. Nilimweleza kwamba maziwa yamo mwilini, na mwili una digrii 37 uwe Malindi au uwe kileleni mwa Mlima Kenya, kwa hiyo hayawezi kumfikia mtoto yakiwa baridi. Akanisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kisha akasema, "Haya. Vaa sweta."

Na kusema kweli hakukosea sana, ila sababu aliyotoa sio. Maziwa kuwepo ni jambo moja na kushuka ni jambo jingine. Yanashushwa na homoni inayoitwa oksitosini, na homoni hiyo haipendi mama atetemeke, aumwe au awe na wasiwasi. Unaweza kukaa na kifua kilichojaa mpaka kinauma, na tone lisitoke kwa sababu mgongo wako umepigwa na upepo wa dirishani. Kwa hiyo sote wanne tulikubaliana kwamba mama anyonyeshaye asipatwe na baridi. Vita vilikuwa juu ya nguo.

Nguo yangu ya nyumbani ni dera, na nani pwani hana dera? Kitambaa chepesi, upana usio na mwisho, shingo ndogo. Katika joto hakuna vazi lenye huruma kuliko hilo. Lakini mpe mtoto titi ukiwa ndani yake. Shingo haipiti. Mkono haupiti. Kilichobaki ni kulipandisha lote kutoka chini, toka vifundo vya miguu mpaka shingoni, na hapo kusi likaingia na dera likajaa kama tanga la dau. Mtoto yuko gizani anapiga makofi, wewe unaonekana miguu mpaka mbavu, na halati anakimbia kufunga mlango kwa sababu muuza samaki yuko uani.

Ndipo halati akatoa wazo la fundi. Dera litiwe zipu mbili za kufichwa kifuani. Alikuwa ameziona kwa mkaza mwanawe Lamu. Tukaenda kwa fundi wetu wa siku zote, mzee wa heshima, mwenye cherehani ya miguu na miwani iliyofungwa uzi.

"Fundi," nikamwambia, "nataka zipu mbili kwenye dera hili."

"Za mifuko?"

"La. Za mtoto."

Akalinyanyua dera, akalipima kwa macho. "Mtoto wa miaka mingapi? Maana hili itabidi nilikate sana."

Halati akaingilia. "Fundi, dera ni la huyu. Zipu ni za kupitishia chakula."

"Chakula cha nani?"

"Cha mtoto."

Kimya. Fundi akaelewa. Akavua miwani, akaanza kuifuta, na macho akayapeleka kwenye feni ya dari, ambako yalibaki mpaka mwisho wa mazungumzo. Futi ya kupimia akampa halati bila kugeuka. Chaki pia. Halati akanipima palepale juu ya buibui, juu ya dera la ndani, juu ya sweta la mamangu, akitaja namba kwa sauti ya chini, naye fundi akiziandika kwenye boksi la nyuzi bila kutazama anachoandika. Nilipoambiwa ninyanyue mkono nilinyanyua. Nilipoambiwa nishushe, alama ya chaki ilikuwa imeshawekwa.

Dera lilirudi limeshonwa vizuri mno. Mishono imenyooka, zipu zimefichwa chini ya ukingo, hakuna mtu angejua. Zipu ya kushoto ilifunguka kwenye mbavu. Ya kulia ilifunguka chini ya kwapa. Mavyaa, ambaye mpaka siku hiyo hakuwa ametia neno, alilishika, akafungua ya kulia, akafunga, akafungua tena, akachungulia ndani.

"Mtoto anataka titi," akasema. "Hataki dirisha."

Yeye mamake alivaa hando, ile sketi ya marinda ya Kigiriama inayokula kitambaa kingi mpaka nyonga zinajaa. Kifuani hapakuwa na cha kufungua. Mwanamke alinyonyesha akitembea, akitwanga, akipokea wageni. Nikamuuliza, na kipupwe je? Akanishangaa. "Kwani moto ulikuwa wa nini?" Nyumba ya makuti, mafiga matatu, moshi unapanda juu taratibu, mama na mtoto wake kando ya jiko. Sisi tumejenga mawe na kuweka vioo, jiko tumelipeleka chumba cha mbali, halafu tunalilaumu kusi.

Dera lilirudi kwa fundi, safari hii na maelekezo yaliyoandikwa kwenye karatasi ili pasiwe na mtu wa kusema neno. Likawa zuri. Kwa anayetaka kushona, mambo mawili nimeyaona kwa macho. Zipu iende wima, kutoka chini ya bega ipite kifua chote, si fupi fupi ya mfukoni, na iwe ya plastiki. Zipu ya chuma hushika baridi usiku, na shavu la mtoto likiigusa alfajiri hutasahau kelele zake.

Ila usiku dera lilipumzika, na kazi ikafanywa na leso. Nimezivaa maisha yangu yote bila kuzitazama. Leso huuzwa mbili mbili, pamba tupu, pana ya kutosha kumzunguka mtu. Moja unaifunga shingoni kwa nyuma, inateremka mbele, mtoto anaingia chini yake na joto linabaki humo. Ya pili unajitanda mgongoni na mabegani, kwa sababu kunyonyesha kunakupoza kwanza mgongo. Leso mpya haifai. Ina ukakamavu wa dukani na haivuti unyevu. Inayofaa ni iliyofuliwa mpaka maandishi yake yamefifia, na mamangu anazo sanduku zima, nyingine za tangu harusi yake. Alinipa mbili kwa masharti. Babake mtoto naye alichangia kikoi chake kizito, bila kuulizwa.

Kazini ndiko baridi ya kweli ilikonisubiri. Kusi lina adabu, hutulia, hukupa mapumziko mchana. Eyakondishoni haina adabu. Baridi kali kuliko zote pwani hutoka kwenye lile boksi jeupe ukutani, limewekwa digrii 18 na mtu aliyevaa suti, na rimoti anayo yeye. Nje watu wanakunywa maji ya madafu kwa kiu, ndani wanawake wa ofisi nzima wamejifunika shali.

Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri aweke chumba cha mama kunyonyeshea na kukamulia maziwa, na imeorodhesha vifaa: pa kunawa mikono, friji, soketi za umeme kwa ajili ya pampu, meza ndogo, viti vya starehe. Imempa mama na muda, usiozidi saa moja kwa kila saa 8 za kazi. Nimeisoma sheria hiyo kwa furaha. Haikutaja shuka. Chumba changu kilikuwa stoo ya mafaili iliyosafishwa, na tundu la hewa baridi lilikuwa juu kabisa ya kiti cha starehe.

Hapo ndipo unajua tofauti ya mtoto na pampu. Mtoto ana moto wake. Ukimpakata, kifua chake juu ya tumbo lako, baada ya dakika chache nyote wawili mmepata joto. Pampu ni plastiki. Faneli yake iliyolala juu ya meza ofisini ukiigusisha kifuani unaruka, na maziwa yaliyokuwa njiani yanarudi yalikotoka. Nikajifunza kuishika kwanza mikononi, au kuichovya kwenye maji ya moto ya chai na kuifuta. Pampu inataka pia uketi wima, kifua wazi, dakika 15 au 20, mikono yote miwili imeshika vichupa, na shali ikiteleza huna mkono wa kuivuta. Na vile vitambaa vya kufyonza maziwa ndani ya sidiria, vikishalowa chini ya eyakondishoni, hakuna kitu chenye baridi kama hicho katika wilaya nzima. Beba vya pamba, vingi, badilisha mara kwa mara.

Maziwa yenyewe, kwa upande wake, yalifurahia. Yaliyokamuliwa hukaa kama saa 4 kwenye joto lisilozidi digrii 25, siku 4 kwenye friji, miezi 6 kwenye friza. Nyumbani friza letu tulichangia na vikopo vya tui vya halati, ambavyo ni vya ukubwa uleule na rangi ileile. Mchana mmoja nilimkuta halati ameshika kikopo changu, mchuzi wa changu unachemka jikoni. Tangu siku hiyo kila kikopo kina tarehe, na chini yake, kwa kalamu nyeusi: SI TUI.

Baada ya majuma machache ya stoo ile, nikaanza kupata kitu kigeni. Nikimaliza kukamua, chuchu inapauka, kisha inaingia rangi ya zambarau, kisha inawaka moto wa sindano mpaka machozi yananitoka. Muuguzi wa kliniki alinisikiliza na kutingisha kichwa kabla sijamaliza. Mishipa midogo ya damu hujibana kwa baridi, akasema. Wengine hupatwa vidoleni, wengine huko. Daktari Mfaransa, Maurice Raynaud, alieleza kujibana huko mwaka 1862, na jina lake limebaki. Dawa ya kwanza ni joto: ukimtoa mtoto au pampu, funika papo hapo kwa kitu kikavu na cha moto, usiache hewa ipite.

Mamangu alikuwa amenisindikiza. Nilimwona uso unavyonawiri. Amepata fatwa.

Kutoka siku hiyo nilivaa sweta, na juu ya sweta leso iliyozungushwa kifuani na kufungwa nyuma kwa fundo ambalo angeweza kufungia jahazi. Kwa arobaini alinifunga tumbo namna hiyo hiyo, na tumbo likakubali. Kifua hakikukubali. Maziwa yanataka nafasi, ukiyabana yanakwama. Upande wa kulia ukatoka uvimbe mgumu, ukawa mwekundu, na usiku nikapandwa na homa. "Umeona?" akasema mamangu, akikaza fundo. "Baridi."

Tukarudi kliniki. Muuguzi akafungua leso, akafungua sweta, akahesabu matabaka kimya kimya. "Nani amekufunga hivi?" Mamangu alikuwa anasoma bango la chanjo ukutani kwa makini makubwa.

Maelekezo yalikuwa mafupi. Toa mafundo yote. Sidiria inayoshika bila kubana, isiyo na waya. Mtoto aendelee kunyonya upande huohuo, wala maziwa hayamdhuru. Usisugue kwa nguvu. Kunywa dawa ya maumivu, na homa isipokatika rudi upesi. Na pale penye uvimbe, baina ya kunyonyesha, weka baridi.

"Baridi?" mamangu akauliza.

"Baridi, mama. Kitambaa cha maji ya friji."

Nilikuja kusoma baadaye kwamba kina mama wengi duniani wameambiwa hivyo: Academy of Breastfeeding Medicine ilitoa mwongozo mwaka 2022 ukipendelea barafu na kuonya dhidi ya kukandakanda kwa nguvu, jambo ambalo limefanywa vizazi na vizazi, kwetu na kwao. Lakini mwongozo wa 2022 haukuwa nasi kwenye tuktuk. Njia nzima mamangu alikuwa anatafuta upenyo. Chuchu zinataka joto, titi linataka baridi, na vyote viwili viko mahali pamoja. Alisema hajapata kusikia maradhi yasiyo na msimamo namna hiyo.

Kitambaa kilidondosha maji mpaka kwenye godoro. Shoga yangu wa Watamu akanipigia simu: weka jani la kabeji kutoka kwenye friji. Halidondoshi, linakaa, na umbo lake Mungu amelitengeneza kwa kazi hiyo. Kama kabeji ina dawa au ni ubaridi wake tu, sijali; linapoza. Nikabandua majani mawili ya juu, nikayaosha, nikayaponda kidogo mshipa wa kati, nikajipachika, nikafunga zipu ya fundi na kwenda sebuleni nikiwa na amani kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa.

Kabeji ile ilikuwa ya chakula cha jioni. Halati alitoka jikoni ameishika, imebaki ndogo na nyeupe, akauliza nani ameichuna. Kisha akaona ukingo wa kijani ukichungulia shingoni mwangu. Hakusema kitu. Midomo yake ilianza kucheza, anasoma Ayatul Kursi. Mavyaa alicheka mpaka akalazimika kukaa chini, na huo ulikuwa mwanzo wa urafiki wetu.

Yeye ndiye aliyemaliza habari ya nguo. Uvimbe ulipoyeyuka, na stoo ikiwa bado inanisubiri na digrii zake 18, alinitazama nikihangaika na buibui la zipu ya mbele. Linafunguka vizuri, lakini likishafunguka, limekuacha wazi toka shingo mpaka kiunoni. "Si uvae kitu ndani," akasema, "chenye nafasi ya titi peke yake?" Nikachukua singleti nyeupe za babake mtoto, zile za pamba zenye kushika mwili, nikakata matundu mawili ya mviringo pahali panapostahili, nikipima mbele ya kioo, na kupinda kingo kwa uzi wa waridi kwa sababu ndio uliokuwepo. Nguo ya ndani inabaki mahali pake na kufunika tumbo na mgongo. Ya nje inafunguka au inapanda. Kinachoonekana kwa hewa ni kiasi cha faneli na basi. Juu ya yote, leso kuukuu mabegani, ncha zimechomekwa kiunoni ili isiteleze. Nilikamua chini ya tundu la hewa baridi bila kutetemeka, na vichupa vikajaa.

Kasoro ilikuwa kwenye kamba ya nguo. Mamangu ndiye anayeanua na kukunja, na kwake singleti nyeupe ni singleti nyeupe. Jumamosi moja babake mtoto aliitwa pwani, kusi limechafua bahari na rafiki yake anataka dau livutwe juu kabla maji hayajajaa. Wanaume wengi, kamba ndefu. Jua likatoka, akavua shati ili avute vizuri.

Kamba ililegea kwanza upande wake, halafu upande wa pili, kila mtu amesimama. Nahodha, mzee ambaye hajulikani kwa mzaha, aliyatazama yale matundu mawili yenye pindo la waridi kwa muda, kisha akamuuliza kwa upole anaanzia upande gani.

Jumatatu akanunua singleti mpya, nyeusi zote. Nyeupe ameniachia.